Alama Ndani ya Kola

Sikupigwa wala sikutishwa. Naanza na hilo kwa sababu ingekuwa nafuu kwangu kama ningepigwa. Leo ningekuwa na kovu la kuonyesha, na mwenye kovu huhurumiwa. Kapteni alinikuta napiga pasi, akaniamkia shikamoo, akaomba maji. Nikampa kwenye bilauri yangu mwenyewe. Akanywa yote, akashukuru, ndipo akauliza alichouliza. Nami nikajibu mbio mbio, kama mtoto darasani anayejua jibu na anaogopa mwenzake asimtangulie.

Mimi ni dobi. Mtaani wananiita Mama Pasi. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, na ua wa nyuma wenye mabeseni na kamba sita. Nafulia wauguzi, karani wa posta, walimu. Kambi ya jeshi ilipoletwa ng'ambo ya mto, nikaanza kufulia na maofisa. Wateja hunitania kwamba nazidisha wanga, kola zangu zinakata shingo. Nilikuwa napenda kusema kwamba jasho halina upande, na kila nikisema hivyo nilijiona mwenye hekima. Upumbavu mtupu.

Alama za nguo siziandiki popote. Mama mkwe wangu, aliyenifundisha kazi, hakujua kusoma, akanifundisha kama alivyofundishwa yeye: kila mteja ana alama yake ya uzi, inashonwa ndani ya kola au ndani ya mkanda wa suruali, mahali ambapo mvaaji mwenyewe haangalii. Karani wa posta ni misalaba miwili myekundu. Muuguzi mkuu ni kijiti kimoja cha buluu. Mwalimu ni mishono mitatu ya kijani iliyosimama, na mmoja mweupe umelala chini yake. Nina alama mia na ushei, zote ziko kichwani, na kwa miaka ishirini na tatu sijampa mtu nguo ya mwenzake. Nifumbe macho, nipe kola niipapase kwa kidole, nitakwambia ni ya nani. Watu walikuwa wakinijaribu kwa mchezo, na mimi nilikuwa napenda kujaribiwa.

Hilo ndilo lililoniponza. Wengine huponzwa na woga, wengine na tamaa. Mimi niliponzwa na kupenda sifa.

Sasa, Mwalimu. Mtu mwembamba, mpole, anafundisha hesabu, na kwa kusahau alikuwa bingwa. Aliwahi kuja kwangu kuchukua suruali akaacha mwavuli. Akarudi kufuata mwavuli, akaiacha suruali. Shati lake la mistari ya kijivu lilikaa kwenye rafu yangu ya juu miezi minane. Rafu hiyo ni ya nguo zilizosahaulika. Nguo ikipita miezi sita bila kuulizwa, nampa mwenye shida, lakini kwanza naifumua alama. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu, na mama mkwe alikuwa mkali nayo kuliko sheria nyingine zote. Nguo yenye alama bado ina mwenyewe, hata kama mwenyewe kaisahau.

Na mdogo wangu. Huyu ni kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki yeye akiwa anajifunza kutembea, nikambeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wangu. Mwaka juzi aliingia porini na wale wanaopigana na serikali. Siwezi kusema nilimkataza. Nililia, kisha nikamfungia chakula. Tangu hapo alikuwa akija mara moja moja, mchana wa jua kali, mtaa ukiwa umelala, anapita uani katikati ya mashuka yaliyoanikwa, na hakuna aliyemwona.

Siku ninayoisema hapakuwa na mashuka, mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na barabara haina hata mbuzi. Aliingia ametota, shati limechanika begani. Anatetemeka. Nikanyoosha mkono rafu ya juu bila hata kutazama, nikavuta shati la kwanza lililokuja, nikampa. Akavaa, akafunga vifungo.

"Limekukaa," nikamwambia.

"La nani?"

"Lako sasa. Kunywa chai."

Alikuwa anakunywa huku anatazama ule upande ninaotundika magwanda ya maofisa. Palikuwa patupu.

"Kapteni wako kahama?"

"Ahame wapi! Kaja jana kachukua yote, hata mawili ambayo hayajakauka. Nimempigia kelele atapata mafua, hasikii."

Mdogo wangu akaacha kutafuna. "Yote, dada?"

"Yote."

Nataka kuapa kwamba nilikuwa nalalamika tu kuhusu nguo mbichi. Nusu yake ni kweli. Lakini mimi si mtoto, najua kwamba ofisa hachukui magwanda yote kwa mara moja kama hana safari, na niliona jinsi uso wa mdogo wangu ulivyobadilika. Niliona, nikamwongeza chai.

Siku ya nne bomu lililipuka chini ya daraja, lori la kwanza la msafara wa jeshi likiwa juu yake. Walikufa askari tisa. Mmoja wao alikuwa dereva, mcheshi, aliyekuwa akiniletea suruali zenye mafuta ya gari na kuniambia, "Mama, hizi ukizitoa madoa nakuoa." Suruali yake moja ninayo hadi leo.

Watu hupenda kusema fahari wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sawa, ziumie. Lakini nyasi hazisemi. Mimi nilisema mara mbili: mara ya kwanza kwa ndugu yangu, na mara ya pili kwa Kapteni.

Kapteni alikuja wiki ile ile, mkono mmoja umefungwa bendeji. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Alipomaliza maji yangu akatoa ndani ya mfuko shati lenye matope yaliyokauka, mkono mmoja umeungua.

"Mama," akasema, "vijana wangu wanasema wewe ukishika nguo tu unajua ya nani. Mimi nimewaambia hakuna mtu wa namna hiyo."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikalichukua lile shati, nikaigeuza kola. Uzi ulikuwa umeingia matope, nikaukwangua kwa kucha. Mitatu ya kijani, mmoja mweupe umelala.

"La Mwalimu hili. Yule wa hesabu."

"Una hakika?"

"Kapteni! Miaka ishirini na tatu."

"Basi nimeshindwa," akasema, akatabasamu, akalikunja shati vizuri sana, akalirudisha mfukoni. "Asante, mama. Kazi njema."

Nikarudi kwenye pasi. Nilikuwa na blauzi ya muuguzi mezani. Nikapiga mkono wa kushoto, nikageuza, nikaanza wa kulia, na hapo ndipo nikauona mkono wangu mwenyewe ukinyooka kwenda rafu ya juu siku ile ya mvua. Niliona shati la mistari likishuka. Sikuwa nimelifumua alama. Kwa miaka yote ile sikuwahi kutoa nguo bila kufumua, na siku niliyosahau ndiyo siku niliyompa mtu wa porini.

Nikakimbilia mlangoni. Gari la Kapteni lilikuwa bado pale ng'ambo, dereva mpya anahangaika, linakohoa haliwaki. Kutoka mlangoni kwangu hadi pale ni hatua thelathini. Ningevuka. Ningesema, Kapteni, nimekosea, shati hili Mwalimu alilisahau kwangu. Naye angeuliza swali moja tu: basi, ulimpa nani?

Gari lilikataa kuwaka mara tatu. Nilikuwa na muda wa kutosha, sitaki kujidanganya. Kapteni akaniona nimesimama, akaninyanyulia ule mkono mzima. Na mimi nikamnyanyulia wangu. Mara ya nne gari likawaka.

Mwalimu alichukuliwa darasani kabla ya saa sita. Waliokuwapo wanasema alikuwa na chaki mkononi, akawaambia wanafunzi wamalizie zoezi la ukurasa ule kisha wafunge madaftari, kwa sauti yake ile ile.

Asubuhi ya pili mkewe akaja kwangu. Tunamwita Mama Mapacha. Huwa ni mwanamke nadhifu, lakini siku hiyo alikuwa amevaa viatu visivyofanana, na sikuthubutu kumwambia.

"Dada, mume wangu hajui hata kuchinja kuku," akasema. "Wanasema shati lake limekutwa darajani. Shati gani? Mimi mwenyewe sijui ana mashati mangapi. Dada yangu, wewe Kapteni anakusikiliza, unamfulia. Twende ukaniombee."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Tulikuwa wawili tu. Badala yake nikazima mkaa, nikafunga mlango, nikaenda naye kambini kama mtu mwema.

Ofisi ya Kapteni ilikuwa chumba cha mbao chenye feni, meza moja, na ramani ukutani iliyofunikwa kwa pazia. Alitupa viti. Mama Mapacha alisema yake yote, akilia na kujifuta. Kisha Kapteni akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, una neno?"

Nililibeba lile neno kutoka mtaani hadi pale. Lilikuwa mdomoni.

"Mwalimu ni mtu mwema," nikasema.

"Najua," akasema Kapteni. "Watu wema ndio wanaotumwa na watu wa porini, kwa sababu hakuna anayewashuku. Hata hajakana, mama. Nimemwonyesha shati, kalitazama muda mrefu, kisha kasema, ndiyo, la kwangu."

Akamruhusu mkewe amwone Ijumaa, dakika tano. Tulipokuwa tunarudi Mama Mapacha alinishika mkono njia nzima. Alisema bila mimi asingepewa hata hizo tano.

Alhamisi jua lilikuwa kali na kamba zilijaa mashuka, na mdogo wangu akaja. Hata salamu sikumpa.

"Lile shati ulilitupa wapi?"

"Nililivua, dada. Lilikuwa linaonekana mno gizani, nikalitumia kufungia waya za bomu. Baadaye tulikimbia." Akaniangalia. "Kwani?"

Nikamwambia. Alikaa chini kwenye beseni lililopinduliwa, akashika kichwa. Mwalimu alikuwa amemfundisha na yeye. Alimfundisha kugawanya kwa mafungu ya maharage, akiwa hawezi kuelewa kwenye ubao. Alilia kweli. Sitamsingizia kwamba hakulia.

"Kuna njia ya kumtoa?" nikauliza. "Hamwezi kutuma neno, mseme si mtu wenu?"

"Tukisema si wetu, ndipo watakapoamini ni wetu." Akajifuta uso kwa shuka langu safi. "Njia ni moja, dada, na wewe unaijua. Unataka nikajisalimishe?"

Nilimtazama. Bado ana lile kovu dogo la nyusi, alilolipata alipodondoka kutoka mgongoni mwangu. Nikangoja nione kama nitasema ndiyo. Nilingoja muda wa kutosha kujua kwamba sitasema, na yeye akangoja vilevile, kisha akasimama.

"Wakubwa wananiambia nikushukuru," akasema bila kunitazama. "Wanauliza, Kapteni akichukua tena magwanda yote, utaweka shuka la rangi gani kwenye kamba ya mbele?"

Nikachukua fimbo ya kukorogea nguo nikamfukuza nayo kama nilivyokuwa nikimfukuza udogoni. Alikwenda. Lakini nilikuwa nimeshampa chakula.

Ijumaa Mama Mapacha alipotoka kambini hakupita kwake, alikuja moja kwa moja kwangu. Macho makavu.

"Wamempiga," akasema. "Vidole viwili haviinuki. Na zile dakika tano, dada, kazitumia kunipa ujumbe wako wewe! Mimi nataka kumwuliza anakula nini, analala wapi, yeye ananishika hapa," akajishika kiganja, "anasema sikiliza vizuri. Mwambie dada kwamba shati lile la mistari nililifuata kwake mwenyewe, kabla ya mvua kuanza, nikalipoteza njiani. Mwambie alikuwa na wateja wengi, pengine hakumbuki. Akumbuke. Kanifanya niyarudie maneno mara tatu kama mwanafunzi. Ujumbe huo una maana gani?"

"Sijui," nikasema.

Nilijua. Mwalimu, aliyesahau miavuli na suruali, alipoonyeshwa lile shati alikumbuka vizuri kabisa mahali alipoliacha. Alijua halijawahi kurudi nyumbani kwake. Alijua ni mimi niliyemtaja, maana hakuna mtu mwingine anayeweza kuisoma ile kola. Angesema neno moja tu, "lilikuwa kwa dobi," mimi ningekuwa pale alipo yeye na yeye angekuwa anakula kwake na wanawe. Hakulisema. Akakubali vidole vyake viharibiwe, kisha akanitumia maneno ya kujiokoa, yamepangwa kwa hatua, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Labda alimjua mdogo wangu na akaunganisha. Labda alipima, mmoja na wawili, akaona wawili ni wengi. Sijui. Ninachojua ni kwamba angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu Kapteni alikuja. Safari hii hakuomba maji. Alisimama mlangoni, kofia kwapani.

"Mama, swali dogo tu la kufungia faili. Mwalimu anasema lile shati alilichukua hapa kwako kabla ya mvua. Ni kweli?"

Chumba kilikuwa na harufu ya mkaa na wanga, kama siku zote. Karani wa posta alikuwa amekaa kwenye benchi anangoja suruali yake, anasoma gazeti, na nilimwona ameacha kugeuza kurasa. Nikisema hapana, Mwalimu anatoka, mdogo wangu anakamatwa, na mimi pia. Nikisema ndiyo, Mwalimu anabaki na shati lake.

"Mimi na wateja wengi, Kapteni," nikasema, nikasikia sauti yangu ikiyafuata maneno ya Mwalimu moja moja. "Lakini nikikumbuka vizuri, ndiyo. Alilifuata mwenyewe."

"Asante," akasema. Hakutabasamu. Nadhani siku hiyo hata yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hapana.

Mahakama ya jeshi ilimpa Mwalimu miaka kumi na tano. Akahamishiwa gereza la mbali, mkewe huenda kumwona mara moja kwa mwezi, asubuhi mpaka jioni yuko njiani. Mdogo wangu hajaja tena tangu nilipomfukuza na fimbo. Sijui kama yu hai. Kapteni alipewa uhamisho, akaja mwingine ambaye ana mtu wake wa kumfulia. Na mimi naendelea. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na kazi yangu ni nguo.

Mtaani nimekuwa mtu wa mfano. Mama Mapacha amewaambia wote kwamba siku ile ndugu wa mumewe walipojificha ndani, ni mimi peke yangu niliyekwenda naye kambini. Wanawake wananisalimia kwa mikono miwili. Namfulia yeye na wanawe bure, na kila nikikataa malipo sifa zinaongezeka.

Jana alipita kwangu akitoka gerezani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa maji.

"Hajambo," akasema. "Anafundisha wafungwa kujumlisha, anaandika kwa mkono wa kushoto. Dada, mwezi ujao anataka twende wote. Kasema, mwambie dada aje, najua anaumia, nataka nimwondolee. Nikamwuliza, dada anaumia nini? Akacheka tu. Unaumwa, dada? Mbona hujaniambia?"

Alinitazama kwa huruma, anangoja. Mwalimu alikuwa amenifungulia mlango kutoka kule alikofungiwa. Nilichotakiwa ni kupita tu. Kwenda kukaa mbele yake na kusema, nilimpa mdogo wangu, nikakutaja wewe, nikathibitisha. Na mkewe akiwa amekaa kando yangu, anasikia.

"Goti," nikasema. "Goti linanisumbua. Safari ndefu siiwezi."

"Masikini!" akasema Mama Mapacha. "Na bado unasimama kutwa nzima unapiga pasi nguo zetu."

Akavuta kigoda, akakaa chini mbele yangu na uchovu wake wote na vumbi la gereza kwenye nguo, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake, akaanza kunikanda goti ambalo halina ugonjwa wowote. Na mimi nikamwachia anikande.